Kidonge Tunachomeza, Tujifunze Kukisuka

Bibi alikuwa barazani kwake Mahege, wilayani Kibiti, miguu ameinyoosha juu ya jamvi, ukili umemlalia mapajani. Ukindu wa zambarau ulipishana na mweupe, na vidole vyake vilikwenda vyenyewe huku akinisimulia mafuriko ya mwaka 2024 yalivyozoa mpunga wa jirani zake bondeni. Jua lilipozama aliuweka ukili pembeni, akaingia ndani, akarudi na kopo jeupe la plastiki. Akalitikisa karibu na sikio langu. Halikutoa sauti.

"Nimelijaza pamba," aliniambia. "Kopo la dawa hizi likilia garini, abiria wote wanajua umetoka wapi."

Akatoa kidonge kimoja, akakimeza kwa maji ya mtungini, akafunga kopo. Kisha akaniuliza swali ambalo kwa miaka yote niliyofundisha kemia hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza.

"Mjukuu wangu, si wewe uliyesomea mambo haya? Humu ndani wameweka nini hasa, hata mimi niliyekuwa nabebwa kwa machela leo nasuka mkeka?"

Ameniruhusu nisimulie, mradi nisimtaje jina. Nasimulia kwa sababu jibu la swali lake linagusa jambo ambalo nchi yetu haijalipa uzito unaostahili. Kugawa kidonge hiki tumejifunza, na tumekigawa vizuri hadi vijiji vya delta ambako mtu hufika kliniki kwa mtumbwi, akisubiri maji yajae. Kukitengeneza hatujajifunza. Mwaka 2025 ulitukumbusha kwamba upungufu huo una gharama.

Kidonge cha Bibi ndicho wahudumu wa CTC, kliniki ya tiba na matunzo ya VVU, wanachokiita TLD: kimoja kwa siku, saa ileile. Kimebeba dawa tatu, tenofoviri miligramu 300, lamivudini miligramu 300 na dolutegraviri miligramu 50. Hiyo ya mwisho ina kazi yake ya pekee. Mbili za kwanza ni ndugu wa ukoo mmoja, ukoo wa nukleosidi zilizobadilishwa, nazo ndizo nilizotaka Bibi azielewe.

Nukleosidi ni kitu kidogo mno: kipande cha sukari kilichoshikana na kipande kingine kiitwacho besi. Kila kiumbe anazo, mtu, samaki na mkoko. Zinapoungwa moja baada ya nyingine huwa uzi mrefu wa DNA au RNA, yaani maandishi ya urithi ambayo chembe huyasoma ili ijue ifanye nini. Kirusi cha UKIMWI hakina kiwanda chake. Kinaingia kwenye chembe nyeupe ya damu kikiwa na maandishi yake ya RNA pamoja na kimeng'enya kimoja mwandishi, na kimeng'enya hicho huokota nukleosidi za mwenye nyumba na kuzipanga kuwa DNA ya kirusi. Maandishi hayo yakishapachikwa ndani ya chembe, chembe hugeuka mtumwa wa kuzalisha virusi vingine.

Maneno hayo hayakumfaa Bibi, kwa hiyo nilimwomba auchukue tena ukili wake.

"Ukindu ukikaribia kuisha, unafanyaje?"

"Napachika mwingine." Akanionyesha: ncha ya ukindu mpya aliingiza chini ya ule wa zamani, msuko uliofuata ukaikaza, kazi ikaendelea.

"Nikikupa ukindu unaofanana na wako kwa rangi na upana, lakini hauna mkia wa kupachikia mwingine?"

Akaugeuza ukili mkononi. "Nitaupachika bila kujua. Halafu msuko utaishia hapohapo."

Hicho ndicho kilichomo kwenye kidonge. Kila nukleosidi ya kawaida ina mahali pa kushikia ile inayofuata, kwenye kaboni ya tatu ya sukari yake, ambapo pana oksijeni moja na haidrojeni moja. Mwanakemia akipaondoa mahali hapo, kirusi kikaiokota nukleosidi hiyo ya bandia kikidhani ni ya kweli, uzi wake unakatika. Katika AZT, dawa ya kwanza ya ukoo huu kutumika dhidi ya UKIMWI, mahali hapo pamewekwa nitrojeni tatu zilizofuatana. Lamivudini haina kabisa mahali pa kushikia, kaboni moja ya pete ya sukari yake imebadilishwa na salfa, na umbo lake zima limegeuzwa kama mkono wa kushoto ulivyo kwa mkono wa kulia. Tenofoviri imekwenda mbali zaidi: pete ya sukari imetupwa, pamewekwa mnyororo mfupi unaofanya kazi yake.

Ugumu wa kazi hii ni kumlaghai mwizi bila kumdhuru mwenye nyumba. Vimeng'enya vyetu huchagua kwa uangalifu kuliko kile cha kirusi, ila si mara zote. Walioanza dozi katika miaka ya kwanza ya mpango wa taifa, uliozinduliwa mwaka 2004, wanaikumbuka stavudini. Iliokoa maisha, na papo hapo iliwabonyeza watu mashavu, ikawakondesha miguu, ikawatia ganzi nyayoni, kwa sababu ilivuruga pia sehemu ya chembe inayozalisha nguvu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi ziachane nayo. Bibi aliwahi kuitumia, na bado anasema siku za baridi nyayo zake huwa kama za mtu mwingine. Kuna watu waliokaa maabara miaka na miaka wakibadilisha atomu moja hapa, nyingine pale, ili leo ameze kidonge kisichomla mashavu.

Na wazo lenyewe lilitoka wapi? Lilitoka baharini.

Mwaka 1945 mwanakemia Werner Bergmann alikusanya sifongo katika maji ya kina kifupi kwenye pwani ya Florida, Marekani. Yeye na mwenzake Robert Feeney walipouchambua mwili wa mnyama huyo, katika maandiko waliyoyachapisha mwanzoni mwa miaka ya 1950, walikuta nukleosidi ambazo hawakuwahi kuziona. Badala ya sukari ya kawaida zilikuwa na arabinosi, ambayo tofauti yake ni kundi moja tu la oksijeni na haidrojeni lililogeukia juu badala ya chini. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba sukari ya nukleosidi ikiguswa, nukleosidi haitakuwa na kazi yoyote. Sifongo alionyesha vinginevyo. Kutokana na mfano wake zilitengenezwa saitarabini, iliyoidhinishwa mwaka 1969 na ambayo hadi leo hutibu saratani ya damu, na vidarabini, iliyoidhinishwa mwaka 1976 dhidi ya virusi vya herpesi. Baadaye ikaja asikloviri, na mwaka 1988 Gertrude Elion na George Hitchings wakashiriki Tuzo ya Nobel kwa njia yao ya kubuni dawa za namna hii kwa kuelewa kwanza chembe inavyofanya kazi.

Nataka msomaji wa Kibiti, Mafia na Kilwa asimame hapo kidogo. Sifongo si mnyama wa ughaibuni. Anayevuka kutoka Nyamisati kwenda Mafia anapita juu ya bahari yenye sifongo wa namna nyingi. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini. Misitu ya mikoko ya Delta ya Rufiji, zaidi ya hekta 50,000, ndiyo mikubwa kuliko yote ya namna yake katika pwani ya Afrika Mashariki, na tangu mwaka 2004 eneo lote la Rufiji, Mafia na Kilwa limo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mkoko, mchu, mkomafi, mkandaa na msikundazi ina kemia yake, vivyo hivyo wadudu, kuvu na bakteria wanaoishi kwenye matope ya mizizi yao. Anayekata mikoko ili afungue shamba la mpunga ana njaa yake, simlaumu. Lakini na sisi tujue kwamba tunachoma kitabu ambacho hatujakisoma.

Hata hivyo sifongo peke yake hakumponya mtu, na hapa ndipo ninapotofautiana na wazalendo wengi wa dawa asilia. Bergmann alipata kiasi kidogo tu cha dutu zile. Ungetaka kumtibu kila mgonjwa kwa kukamua sifongo, ungemaliza bahari kabla ya kumaliza wodi. Sifongo alitoa fununu. Waliogeuza fununu kuwa dawa ni wanakemia wa usanisi, watu wanaochukua vitu rahisi na kuviunga hatua kwa hatua hadi vifanane na kile kilichokusudiwa, kisha kukibadilisha hapa na pale na kukipima upya.

Ni kazi ya mikono kama kusuka. Molekuli ya sukari ina sehemu kadhaa zinazoweza kuguswa, na mwanakemia anataka kugusa moja tu. Kwa hiyo huzifunika nyingine kwanza, anafanya kazi yake, kisha anazifunua. Aliyewahi kupasua fenesi anaelewa: unapaka mafuta ya kupikia mikononi na kwenye kisu kabla ya kuanza, ili ulimbo usishike pasipotakiwa. Asiyepaka atakesha akijisugua. Kila hatua hupoteza sehemu ya ulichonacho, na mwanafunzi anayejifunza sanaa hii hurudia jaribio lilelile mara nyingi hadi mkono uzoee.

Jerome Horwitz alikuwa mtu wa mikono hiyo. Mwaka 1964, akifanya kazi Detroit, alisanisi AZT akitafuta dawa ya saratani. Malighafi ya nukleosidi hiyo wakati ule ilitokana na shahawa za samaki wa bahari baridi, jambo ambalo wavuvi wa Nyamisati walilicheka sana nilipowasimulia. Dawa haikuwaponya panya, Horwitz akaiweka kando bila hata kuiwekea hataza. Miaka zaidi ya 20 baadaye, UKIMWI ulipokuwa unafagia watu, wataalamu wa Marekani walipima molekuli zilizokuwa zimelala kabatini, na AZT ikazuia kirusi kwenye chupa ya maabara. Machi 1987 iliidhinishwa. Kagera wakati huo ilikuwa imeshahesabu miaka minne tangu wagonjwa watatu wa kwanza watambuliwe mwaka 1983, na gharama ya dawa hiyo, dola elfu kadhaa kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka, haikuwa na maana yoyote kwa mkulima wa kahawa wala kwa msusi wa mikeka.

Tenofoviri ilitoka Praha. Antonín Holý, mwanakemia wa taasisi ya umma katika Czechoslovakia ya zamani, alisanisi ukoo wa molekuli hizo, na mwenzake Erik De Clercq wa Leuven, Ubelgiji, akazipima dhidi ya virusi. Matokeo yao ya kwanza makubwa yalichapishwa mwaka 1986, na dawa ikaidhinishwa mwaka 2001. Nchi ya Holý haikuwa tajiri wala kubwa. Ilikuwa na maabara, walimu, na uvumilivu wa kumlipa mtu afanye kazi ambayo matunda yake hayaonekani ndani ya bajeti ya mwaka mmoja. Baadaye mrabaha wa dawa hizo uliitajirisha taasisi ile, ukalipia utafiti wa vizazi vilivyofuata. Holý alifariki tarehe 16 Julai 2012. Siku hiyohiyo Marekani iliidhinisha kidonge chenye tenofoviri kitumike kumkinga asiyeambukizwa.

Sasa nifike kwenye bei, maana hapo ndipo penye fundisho kubwa zaidi kwetu. Wengi husema dawa za kufubaza VVU, yaani ARV, zilishuka bei kwa sababu dunia iliona huruma. Huruma ilikuwapo, na wanaharakati walipigana kweli, baadhi yao wakiwa wagonjwa mahututi. Lakini Februari 2001 aliyesimama na kusema dawa tatu zinaweza kuuzwa kwa dola 350 kwa mwaka, chini ya dola moja kwa siku, alikuwa Yusuf Hamied wa kampuni ya Cipla ya India. Aliweza kutamka bei hiyo kwa sababu alijua kutengeneza. Hamied alisomea kemia Cambridge chini ya Alexander Todd, yule aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1957 kwa kazi yake juu ya nukleotidi. Miaka ya 1990 mwanakemia A. V. Rama Rao wa taasisi ya umma ya Hyderabad alitafuta njia nafuu ya kusanisi AZT, na Cipla ikaiingiza sokoni mwaka 1993. Sheria ya hataza ya India ya mwaka 1970 iliwafungulia mlango, nao walikuwa na watu wa kupita katika mlango huo.

Ujuzi ulitoka kwa mwalimu kwenda kwa mwanafunzi, kutoka maabara ya umma kwenda kiwandani, na mwisho wa safari ukafika barazani Mahege. Mwaka 2023 Mfuko wa Dunia ulitangaza kwamba TLD inanunuliwa kwa chini ya dola 45 kwa mtu kwa mwaka.

Na sisi mlango tunao. Tanzania, ikiwa miongoni mwa nchi zenye maendeleo duni kabisa kwa vigezo vya Umoja wa Mataifa, haibanwi na masharti ya Shirika la Biashara Duniani kuhusu hataza za dawa hadi Januari 2033. Tunazungumza sana juu ya haki. Nani atapita katika mlango huo?

Mwaka 2011 tulipata jibu la kusikitisha. Maelfu kwa maelfu ya watu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mti cha Mchungaji Ambilikile Masapila kwa shilingi 500. Foleni za magari zilijipanga kilomita na kilomita. Wapo wagonjwa waliorudi wakaacha ARV, na baadhi yao tuliwazika. Sitamcheka hata mmoja wao. Mtu aliyekata tamaa hushika hata unyasi, na mti waliopewa ulikuwa mti wa kweli, unaotumiwa na jamii nyingi kwa miaka mingi. Kilichokosekana ni daraja kati ya mti na mgonjwa: mtu wa kutenga kilichomo, kukipima dhidi ya kirusi, kutambua umbo lake, kukisanisi, kukirekebisha na kurudi na jibu la ndiyo au hapana.

Nusu ya daraja hilo tunayo. Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili imefanya kazi tangu miaka ya 1970. Idara ya Kemia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa uongozi wa watu kama Profesa Mayunga Nkunya, ilichambua mimea ya misitu ya pwani yetu ikitafuta dawa za malaria, na mtandao wa watafiti wa mazao asilia wa Afrika Mashariki na Kati, NAPRECA, umekuwapo tangu mwaka 1984. Kutenga na kutambua tunajua. Kwenye usanisi ndipo tunapopwaya, kwa sababu usanisi unadai vitendanishi vinavyofika kwa wakati, umeme usiokatika usiku, mashine zenye fundi wa kuzitengeneza, na vijana wanaolipwa ili wakae.

Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada ya nje kwa siku 90. Watanzania zaidi ya milioni 1.5 wanaishi na VVU, na utafiti wa taifa wa mwaka 2022/2023 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima wanaotumia dawa, zaidi ya asilimia 94 virusi vyao vimefubazwa. Hayo ni mafanikio ya kujivunia mbele ya yeyote. Lakini sehemu kubwa ya dawa hizo hununuliwa kwa fedha za wafadhili, na mjadala wa ofisi za mbali ulipoanza, hofu ilifika hadi Mahege. Bibi alianza kuhesabu vidonge vyake. Alinionyesha alivyofanya: alivimwaga juu ya kanga, akavipanga kumikumi, akapiga hesabu ni vya siku ngapi. Wapo waliomshauri ameze siku moja, aache moja. Alikataa, akasema aliyemfundisha kumeza hakumfundisha kuruka. Alikuwa sahihi kuliko alivyojua, maana dawa ikiwa kidogo mwilini kirusi hupata nafasi ya kubadilika, na kikishabadilika hukishinda kidonge.

Majirani zetu wametangulia kidogo. Luzira, Kampala, pana kiwanda cha ARV tangu mwaka 2007, kilichoanza kwa ushirikiano na Cipla. Kikuyu, Kenya, kampuni ya Universal Corporation ilipata ithibati ya Shirika la Afya Duniani kwa TLD mwaka 2023, na mwaka 2025 Mfuko wa Dunia ulipeleka Msumbiji TLD iliyotengenezwa hapo, shehena yake ya kwanza ya dawa hiyo kutoka kiwanda cha Afrika. Nawapongeza kwa moyo wote. Lakini viini vya dawa, ule unga wenyewe unaofanya kazi, kwa sehemu kubwa bado hutoka India na China. Kugandamiza unga kuwa kidonge ni hatua ya heshima, nayo ni sawa na kushona mkeka kwa ukili uliosukwa na mwingine. Asipokuletea ukili, sindano yako haina kazi.

Nasikia hoja ya mchumi: India inauza rahisi, sisi tutatengeneza ghali, kwa nini tujitese? Hoja hiyo ina uzito, na sitaki mtu aambiwe kwamba kesho Kibaha itashindana na Hyderabad kwa tani za tenofoviri. Haitashindana. Lakini hesabu ya mchumi huyo ni ya dawa ambazo mwingine ameshazibuni na anataka kuziuza. Je, zile ambazo hakuna anayetaka kuzibuni?

Mwaka 1952 ugonjwa wa homa na maumivu makali ya viungo ulilipuka katika uwanda wa Makonde, Newala. Wenyeji waliuita chikungunya, kwa jinsi unavyomkunja mtu. Jina hilo la Kimakonde sasa limo katika vitabu vya tiba vya dunia nzima, na baada ya miaka zaidi ya 70 hakuna dawa inayokiua kirusi chake. Homa ya Bonde la Ufa ilitambuliwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1930, ikatuulia mifugo na watu mwaka 2007. Nayo haina dawa. Dengi imeipiga Dar es Salaam mara kadhaa, kwa nguvu zaidi mwaka 2019, na daktari hana cha kumpa mgonjwa zaidi ya maji, dawa ya homa na uangalizi. Virusi hivyo vyote huandika maandishi yao kwa kimeng'enya kinachookota nukleosidi. Njia iliyokamata VVU inaweza kujaribiwa kwao pia, lakini wagonjwa wao wa kwetu ni watu wa Newala, Garissa na Rufiji, na soko la dunia haliwaoni.

Utafutaji huo una kushindwa kwingi, tusidanganyane. Kati ya Novemba 2018 na Agosti 2019, Ebola ilipokuwa inaua Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake walipima dawa nne kwa wagonjwa 681. Mojawapo ilikuwa remdesiviri, ya ukoo uleule wa nukleosidi zilizobadilishwa. Zaidi ya nusu ya waliopewa remdesiviri walifariki, wakati kingamwili mbili zilishusha vifo hadi karibu theluthi moja, na remdesiviri ikaondolewa. Mwaka uliofuata molekuli hiyohiyo ilikuwa ya kwanza kuidhinishwa rasmi na Marekani dhidi ya korona, kwa sababu ilikuwa imeshatengenezwa, imeshapimwa usalama wake, ipo kabatini. AZT iliwahi kulala hivyohivyo. Kwa hiyo mwenye kabati lenye molekuli zake ana akiba ya siku asiyoijua.

Ninachokiomba kina hatua tatu, na hakuna iliyo ya ndoto.

Kwanza, maabara moja ya kweli ya usanisi wa dawa, ya pamoja, kati ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Muhimbili na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, yenye milango wazi kwa Makerere na Nairobi. Ipewe kazi mbili: kusanisi kwa njia nafuu dawa ambazo hataza zake zimekwisha, ili vijana wazoeze mikono, na kubuni nukleosidi za kupimwa dhidi ya virusi vya kwetu. Taasisi ya Ifakara imehesabu kaya na kufuatilia vifo hapa Rufiji kwa miaka mingi. Nchi inayojua kwa undani watu wake wanaugua nini ina haki ya kuamua yenyewe ianze kutafuta dawa gani.

Pili, ahadi ya mnunuzi. Bohari ya Dawa iseme mapema, kwa mkataba wa miaka, itanunua kiasi gani cha kiini cha dawa kitakachotengenezwa ndani ya Afrika Mashariki kikifikia ubora wa TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, na wa Shirika la Afya Duniani. Hakuna mwekezaji atakayejenga kiwanda cha kemia kwa kutegemea zabuni ya mwaka mmoja. Ubora usilegezwe hata kidogo, maana kidonge kibovu ni hatari kuliko kukosa kidonge.

Tatu, na hii ndiyo inayoniuma, tuanzie chini kabisa.

Bibi ana mjukuu wa kidato cha tatu katika sekondari moja ya kata. Siku ile alikaa karibu nasi akisikiliza habari za ukindu usio na mkia, na tulipomaliza akaenda kuleta daftari lake la kemia. Alikuwa amechora buureti kwa penseli, mstari kwa mstari, na namba za vipimo kuanzia sifuri juu hadi 50 chini, safi kuliko mchoro wangu wowote ubaoni. Nikamuuliza anapenda titresheni? Akaniambia hajawahi kuishika buureti. Kwao ipo moja, imekatika mdomo, na mwalimu huionyesha darasani akiwa ameishika juu ili wote waione.

Nilimwomba karatasi, nikamchorea thaimidini, nukleosidi ya kawaida: pete ya sukari, besi yake, na mahali pa kushikia kwenye kaboni ya tatu. Nikamwachia kalamu, nikamwambia afute sehemu hiyo na aandike nitrojeni tatu. Aliandika polepole, bibi yake akiwa amesogeza taa ya sola na kuinama naye juu ya karatasi. Kisha binti akaniuliza kama maabarani hufanywa kwa joto au kwa baridi, na kama hizo nitrojeni huokotwa wapi. Nilimjibu ninayoyajua, tukaendelea hadi usiku ukawa mkubwa. Asubuhi niliondoka kurudi Kibiti kwa bodaboda nikiwa na namba ya simu ya mwalimu wake mfukoni, na ahadi niliyompa mbele ya bibi yake: kabla ya mtihani wake wa mwisho, atakuwa ameishika buureti nzima kwa mikono yake. Hiyo ni ahadi ya mtu mmoja kwa mwanafunzi mmoja. Kwa wanafunzi wengine wote, naiomba Serikali.